Herufi za Mabua na Ngoma ya Babu

Enzi zetu, ukitaka herufi kubwa ulikwenda shambani kuikata. Ulichukua kisu cha mama, kwa ruhusa au bila ruhusa, ukachagua bua la mtama lililonyooka, ukalimenya majani yake, na kabla umande haujakauka ulikuwa umeshapata nusu ya N. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku kwetu, kuanzia Kharumwa mpaka Segese, mtanielewa haraka. Nyinyi ndio mliovaa miwani ya mabua mkajiona madaktari. Nyinyi ndio mliosukuma magari ya mabua yenye matairi ya malapa yaliyochakaa, honi mkizipiga kwa midomo. Wadogo zetu watahitaji kuelezwa, na mimi kueleza ni kitu ninachokipenda, kwa hiyo na wao wavute viti.

Jina langu Kulwa, na palipo na Kulwa pana Doto. Doto ni pacha wangu, aliyenifuata kuja duniani na tangu siku hiyo hajakubali kunifuata kwa jambo lolote. Tulilelewa na Bibi, mama yake baba, kwenye mji uliozungushiwa minyaa, nje kidogo ya Kharumwa. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama uliochachuka vizuri, mchana tukarudi kutoka shuleni tukiwa tumeng'ata michembe, yale matobo makavu ya viazi vitamu, mpaka mataya yanauma. Jioni tulikaa jikoni na Bibi, moshi ukitutoa machozi na yeye akitutuma huku na kule kana kwamba tulikuwa watoto kumi.

Babu alifariki tukiwa bado wadogo, lakini kabla ya hapo alituchongea ngoma. Ilikuwa ndogo, ya kutosha kubebwa na mtoto, imewambwa ngozi ya mbuzi, na ubavuni alichora ng'ombe wawili wanaofanana kwa sababu sisi tulikuwa mapacha. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umbo lake. Ukiigonga katikati inajibu chini kabisa, tumboni. Kwa ngoma hiyo tukaanzisha kikundi cha kucheza mbina, yaani ngoma zetu za Kisukuma, wasichana wengi na wavulana wachache waliokubali kuamrishwa na Doto. Kikundi tukakiita Songa, maana tulitaka watu wasonge karibu.

Hapa lazima nieleze jinsi mashindano yalivyokuwa, kwa sababu kila kitu kinategemea hilo. Kwa wakubwa, baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kimoja upande huu, kingine upande ule. Hakuna jaji wa kutoa alama. Watazamaji wako huru kutembea, na mwisho kikundi chenye watu wengi ndicho kilichoshinda. Unaweza kucheza vizuri kuliko ndege, lakini watu wakikupa mgongo umeshindwa. Sisi watoto tuliiga hivyo hivyo, na juu yake tukaongeza dau: atakayeshindwa anakabidhi ngoma yake kwa mwenzake mpaka mavuno yanayofuata.

Wapinzani wetu walikuwa watoto wa ng'ambo ya mto, chini ya Jilala, mvulana mwembamba mwenye maneno mengi. Jilala alikuwa amemfuga kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja akawa mpira. Alimfundisha kujikunja na kujikunjua ngoma ikilia. Nani angetazama wasichana wanaoruka wakati kuna mnyama anayecheza? Watu wote walikwenda kwake. Jua lilipoinama, balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mfupi aliyetuamulia, alinyoosha fimbo upande wa Jilala, na ngoma ya Babu ikavuka mto kichwani mwa mtu mwingine.

Bibi hakutugombeza. Laiti angetugombeza. Kila jioni, akishafunika moto, aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia mbuzi asiyerudi: "Ngoma yetu imelala wapi leo?" Nasi tulijibu, "Ng'ambo, Bibi." Alikuwa anajua. Aliuliza tu. Mwaka mzima tulilala na swali hilo.

Mavuno yalipokaribia tena, Doto alikaa juu ya kinu akafikiri kwa sauti. "Kalunguyeye ni mdogo," alisema. "Anaonekana na mtu aliyekwisha fika. Sisi tumkamate mtu kabla hajafika." Siku ya mashindano ilikuwa pia siku ya mnada, na watu wa mnada hurudi kwa barabara ya juu, ile yenye minyaa, ambapo uwanja wote unaonekana chini. Pale ndipo mtu huamua aende upande gani. Tulihitaji bango litakalosomeka kutoka kwenye minyaa.

Jaribio la kwanza niliongoza mimi, kwa kuwa nilisifiwa shuleni kwa mwandiko. Tulipata gunia, tukalipaka masizi ya vyungu mpaka likawa jeusi, kisha nikaandika "songa" kwa chokaa iliyobaki walipopaka kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Niliandika kama mwalimu alivyotufundisha, herufi za mviringo zenye matumbo na mikia iliyopinda vizuri. Ilipendeza mno. Doto akatembea mpaka kwenye minyaa, akageuka, akaweka mkono juu ya macho.

"Unaona nini?" nilipiga kelele.

"Mayai matano."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Moja lina mkia."

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo leo nawafundisha vijana kwenye kompyuta: herufi ya daftarini na herufi ya barabarani si ndugu wa tumbo moja. Ile ya daftarini inakaa karibu na jicho, inaweza kunong'ona. Ile ya barabarani lazima iite.

Jaribio la pili lilikuwa la pamba. Pamba kwetu haikuwa ya kutafuta. Ilidondoka njiani kutoka kwenye mikokoteni. Tulifikiri herufi nene za pamba nyeupe juu ya gunia jeusi zitaonekana hadi Geita. Gundi tukaipika kwa unga wa muhogo, nzito kama ugali wa wageni, tukabandika, tukaanika uani, tukaenda kuteka maji. Tuliporudi, mbuzi wa Bibi walikuwa wamemaliza herufi mbili na wanaingia ya tatu. Mama, aliyekuwa amekuja kumsalimia Bibi, alicheka mpaka akakaa chini. "Msiwafukuze," alisema. "Wenzenu wanasoma."

Nililia kidogo. Doto hakulia, aliokota bua la mtama awachape mbuzi, akalipiga chini, likavunjika bila kukatika. Likalala pale mchangani, limenyooka, limepinda ghafla, limenyooka tena. Tuliliangalia wote wawili. Bua halipindi kama mkia wa mwandiko wangu. Bua linanyooka au linavunjika, basi. Na lile lililovunjika, tulipokwenda tena kisimani, tuliliona kutoka kule mpaka rangi yake.

Ndipo kazi ilipoanza, na mpaka leo nikiikumbuka vidole vinawasha. Tulikata mabua, tukayaunganisha kwa miiba ya mgunga kama tulivyounganisha magari yetu. Lakini kila mtoto alipima kwa mkono wake mwenyewe. N ikatoka ndefu, A ikatoka fupi, neno likawa kama foleni ya wanafunzi wa madarasa mchanganyiko. Bibi alipita na ungo wake, akasimama. "Mnajenga nyumba moja kwa mikono mingapi?" aliuliza. Akaweka ungo chini, akaukunjua mkono wake wa kulia mbele yetu.

Hiyo ndiyo ikawa sheria. Bua refu lilikatwa dhiraa moja ya Bibi, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Bua fupi lilikatwa shibiri yake moja, kutoka ncha ya dole gumba mpaka ya kidole cha mwisho vikinyooshwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, kwa hiyo fupi ni nusu ya refu. Vipimo viwili tu, na herufi zote zilipaswa kutoka humo.

S ilitoka kama radi: fupi juu, refu likishuka mshazari, fupi chini. O ilikuwa mabua mafupi manne yaliyosimama kwa ncha, kama jicho la paka aliyeshtuka. Ilibaki fupi kidogo kuliko wenzake, tukaiacha ielee katikati. N ilitugomea. Nguzo zake mbili zilikuwa sawa, lakini bua la mshazari halikufika kutoka juu hadi chini. Jaribuni wenyewe, mtaona: njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima. Mimi nilitaka tukate refu zaidi. Doto akakataa, sheria ni sheria, akalianzishia vidole vitatu chini ya kilele. N ikapata mabega. A ilikuwa marefu mawili yaliyoegemeana, na bua fupi la katikati likatokeza pande zote mbili kama nira shingoni mwa ng'ombe. G tu ndiyo iliyotushinda. Tuliifungua upande wa kulia, tukaiwekea ulimi wa nusu ya nusu, na Doto alinuna siku nzima kwa sababu ya nusu hiyo.

Tulizipaka herufi chokaa tuliyoikoroga na maji machungu ya mwarobaini, tukazifunga juu ya gunia lililopakwa masizi upya. Beberu alikuja, akalamba ulimi wa G, akasimama akifikiri, kisha akaondoka bila kumtazama mtu. Doto akatembea tena mpaka kwenye minyaa. Safari hii hakungoja niulize. Alirudi mbio, kanga imemfunguka, akilipigia kelele lile neno njia nzima.

Siku yenyewe ilifika na vumbi lake. Uwanja ulinuka mishikaki ya mnadani na jasho la watu. Tulilifunga gunia letu kwenye miti miwili mirefu. Jilala akaja kulitazama, ngoma ya Babu ikiwa shingoni mwake, kalunguyeye kwenye kikapu, amevalishwa shanga.

"Songa?" alisema. "Nendeni mkasonge ugali, bibi yenu ana njaa."

"Tutausonga," Doto akamjibu, "na wewe utakuja kuula."

Kwanza mambo yalikuwa yale yale. Watoto wote wa uwanjani walimkimbilia kalunguyeye, na ngoma ya Babu ilitulilia kutoka upande wa pili, ikimtumikia mtu mwingine. Sisi tulikuwa tunapiga dumu la plastiki. Watazamaji wetu walikuwa Bibi, mama, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapumzisha miguu.

Kisha barabara ya juu ikajaa. Niliwaona wakifika kwenye minyaa, wenye ng'ombe, wenye vikapu, wenye baiskeli, wakisimama kidogo kama tulivyotarajia. Likaja lori lililobeba wachimbaji kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya machimboni, wakiwa bado na vumbi la dhahabu ya wenzao masikioni, na mmoja akasimama juu ya mizigo akasoma kwa nguvu, silabi kwa silabi, kama aliye darasani. Wenzake wakaitikia. Lori zima likawa linaimba jina letu. Wakashuka, na walikuja upande wetu.

Watu wakifuatwa na watu, hujui tena nani ameanza. Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili alifika mbele, akamsalimu Bibi kwa Kisukuma, "Mwadila," kisha akasema kwamba yeye hajui kusoma, lakini aliona nira na radi vimekaa pamoja, akataka kujua ni watu gani hao. Mpaka leo hiyo ndiyo sifa bora niliyowahi kupewa kazini.

Upepo ukaja katikati ya wimbo. Mti mmoja ukalegea, gunia likaanza kuinama upande wa A. Hatukuweza kuacha kucheza. Bibi ndiye aliyekwenda. Alisimama chini ya bango, akaunyoosha mkono ule ule tuliopimia, akaushika mti ukanyooka, na hakuushusha mpaka balozi alipopanda kwenye kichuguu na fimbo yake.

Balozi alitazama huku, akatazama kule. Watu wa Jilala hawakuwa wachache. Kisha balozi akaanza kucheka.

"Jilala yuko wapi?" aliuliza.

Jilala alikuwa kwetu. Alikuwa amemwachia mwenzake kikapu, akasogea aone kidogo tu, na sasa alikuwa amesimama chini ya O, kichwa nyuma, ngoma ya Babu bado shingoni, anapima kwa kidole namna mabua yalivyounganishwa.

"Hata mwenye kalunguyeye amesonga," balozi alisema, na fimbo ikanyooka upande wetu.

Jilala akaivua ngoma mwenyewe. "Hii O," alimwambia Doto akimkabidhi, "mmeikunjaje?"

"Hatukuikunja," Doto alisema. "Kaa nikufundishe." Akakaa. Na ugali alikula, vizuri tu.

Jioni ile Bibi alifunika moto kama kawaida. Tulimngoja aulize. Hakuuliza. Alitazama kona ambapo ngoma ilikuwa imekaa, akaitikia kwa kichwa, "Wabeja," akatushukuru, akaenda kulala.

Sasa niko Nyasubi, Kahama, na kazi yangu ni mabango, jezi na maandishi ya kila namna. Ukutani nimetundika kijiti chenye urefu wa dhiraa ya Bibi. Bibi hayupo tena, lakini kijiti hicho kipo, na kutoka kwacho nimechora alfabeti nzima, herufi kubwa zote na tarakimu. Miaka imepita nikihangaika na B na R na tarakimu nane, zote zikitaka kuwa na tumbo. Holo, binti wa Doto, ndiye aliyeziingiza kwenye kompyuta zikawa fonti kamili, nasi tumeiita Mabua. Hamjui furaha niliyonayo nikipita Segese nikaiona juu ya duka la vipuri, kwenye vibao vya maduara ya wachimbaji, kwenye migongo ya jezi za wasichana wa netiboli. Inasomeka toka mbali, na haipendi kupewa kazi ndogo. Ukiiandikia barua itakuchosha macho. Ukiipa ukuta itakushukuru. Nawaambia wanaoanza: ipeni nafasi, neno moja au mawili, na pengo la kidole kati ya herufi na herufi, ipumue. Na msiogope kukosea. Sisi tulikosea mpaka mbuzi wakashiba.

Holo siku za mwanzo aliniita kwenye skrini kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba amevaa nguo kinyume.

"Mama mkubwa, N yako ina kosa. Mstari haufiki juu. Nimekunyooshea."

"Rudisha," nilimwambia. "Hilo si kosa. Ndipo bua lilipoishia."

Alirudisha, na sasa yeye ndiye anayewaeleza wateja.

Vijana wetu nawapenda, lakini nitawachokoza kidogo. Wana fonti elfu kwenye simu na hawana subira na hata moja. Fundi bomba anataka herufi zenye maua na mikia, bango lake linafanana na kadi ya harusi, kisha analalamika kuwa watu wanapita. Nawauliza: umevuka barabara ukaliangalia? Wananitazama kana kwamba nimewaambia waende Mwanza kwa miguu. Wanavuta picha kwa vidole viwili ikakua, wanaona inatosha. Enzi zetu picha haikukua. Mtu ndiye aliyetembea mpaka kwenye minyaa, akageuka, akakwambia ukweli, na akarudi kukusaidia kuanza upya.

Siku hizi watoto wanacheza mbele ya simu, na wachezaji wazuri wapo, wengine wazuri kuliko sisi. Watazamaji wao wamo humo humo ndani, hawana vumbi miguuni, na hakuna anayelazimika kuchagua asimame upande upi. Uwanja wetu umejengwa maduka. Minyaa ya barabara ya juu imekatwa. Ngoma ya Babu imebaki kwa Doto, Kharumwa, ngozi ikiwa imebadilishwa, ng'ombe wake wawili bado wanaonekana ukiipaka mafuta.

Mara moja moja, jua likiinama na mteja wa mwisho akishaondoka, nampigia Doto simu. Hatuna salamu ndefu, sisi mapacha. Namuuliza tu, "Ngoma yetu imelala wapi leo?" Doto anaivuta ngoma. Anaigonga katikati, karibu na simu, nami huku Nyasubi naisikia ikijibu chini kabisa, tumboni.